Kisanduku Kiitwacho Austra

Mji ni Liepaja, Latvia, mwezi wa pili.
Theluji ya jana imekuwa tope mlangoni mwa Idara ya Maji,
nami nimerithi programu kama mtu anavyorithi deni:
bila kuulizwa, na kwa tabasamu la wanaokuachia.

Ukiifungua, fomu ni safi.
Jina la mteja. Mtaa. Namba ya mita. Usomaji wa mwezi.
Lakini lebo ni nguo tu, mwili una jina lingine,
na nikichungulia nyuma ya dirisha nawakuta
Kisanduku1, Kisanduku2, Kisanduku3,
hadi Kisanduku63,
kama wafungwa wanaohesabiwa alfajiri.

Ilgvars aliyewaumba hakuwa na muda wa ubatizo.
Aliwaita kwa nafasi zao: wa kumi na mbili, njoo.
Na wa kumi na mbili alikuja, miaka kumi na tisa,
mpaka mtu akaongeza kisanduku cha barua pepe
pale juu, kwa nia njema.
Foleni ikasogea hatua moja,
na namba ya simu ya Bi Zigrida
ikasomwa kama lita.
Alitumiwa bili ya ziwa zima.
Alikuja nayo mkononi, kofia ya sufu kichwani,
hakupiga kelele.
Aliuliza tu: "Nimeoga lini hivyo?"

Tangu siku hiyo naita kwa jina.
Si kazi ngumu, ni kazi ya adabu:
unabisha hodi dirishani, unauliza kichupo,
kichupo kinakuelekeza kwenye paneli, paneli ndani ya paneli,
na huko ndani kabisa unataja jina, herufi kwa herufi,
maana hapa "mita" si "Mita".
Aliyepo husema abee.
Asiyekuwepo hasemi sipo:
unarudishiwa utupu,
nawe ukiushika utupu huo ukauambia "andika",
dirisha lote linakufia mkononi.

Jumatano usiku, nimeshafika arobaini na kitu,
UsomajiUliopita, TareheYaKukatiwa,
nikakuta kimoja chenye jina la mtu.
Austra.
Upana sifuri. Kimo sifuri.
Kimelazwa nyuma ya nembo, lile tone la bluu lenye taji.
Hakipokei kitu, hakitoi kitu.
Nikakifuta, nikaenda kulala.

Asubuhi wahasibu watano walibonyeza Hifadhi,
na Hifadhi ikagoma.

Mstari wa elfu mbili mia moja na kumi na nne:
kabla ya kuhifadhi chochote, programu humwita Austra.
Haimuulizi neno. Humwita tu,
ikisikia ameitika, huendelea.

Nikampigia Ilgvars. Siku hizi yuko Norway, kiwanda cha samaki,
mashine zikinguruma mgongoni mwake.
Nilimtajia mstari, nikamtajia jina.
Kimya kirefu, hata nikadhani laini imekatika.
Nilijiandaa kusikia mke, mama, kaburi.

"Alikuwa dirisha la tatu," akasema, "karani wa stempu.
Kila jioni aliniuliza kwa sauti, ofisi nzima isikie:
Ilgvars, umehifadhi?
Na kila jioni nilikuwa sijahifadhi."
Kisha, polepole: "Bado anaitika?"

Nikasema anaitika.
Sikumwambia juu ya zile saa mbili na nusu
ambazo jina lake lilitajwa na hakuna aliyejibu,
na maji ya mji mzima yakakosa hesabu.

Vingine vyote nimevipa majina ya kazi zao.
Huyu nimemwacha. Nimeandika juu yake, kwa atakayerithi:
"Usifute. Hufanyi kazi yoyote bila yeye, ingawa hana kazi."

Bi Zigrida amerejeshewa pesa zake.
Alipotia saini alinionyesha karatasi: jina lake
lina kistari juu ya i ya pili,
na fomu yetu, tangu izaliwe, haijui kukiandika.
Leo nimeanza na hicho.