Zamu ya Saa Nane

Nilianguka kutoka paa la jiko la shule,
mita nne tu, misumari ikiwa mdomoni,
na la kwanza nililowaza ni hiyo misumari:
nisimeze.
Sikumeza hata mmoja.
Miguu ndiyo iliyomezwa.

Kisumu walinilaza wiki kumi na moja.
Daktari kijana akanichorea uti wa mgongo
nyuma ya bahasha ya eksirei,
akapiga mstari karibu na kitovu.
"Kuanzia hapa kwenda chini..." Hakumaliza.
Mimi ni fundi. Boriti iliyovunjika naijua.

Wanaokijua kilima chetu huku Maragoli
wanajua hata maji hushuka kwa kujishikilia.
Mawe makubwa kuliko nyumba, njia ya mbuzi,
chai imening'inia shambani kama nguo kambani.
Walinipandisha juu ya mlango,
mlango wa Kisia, alioung'oa mwenyewe,
akalala siku tatu akilindwa na pazia.
Nikasema: niacheni barabarani, niuze njugu.
Mideva akasema: nyamaza, tumebeba.

Huyo Mideva, muuza omena,
alikuwa amemuuliza nesi swali moja tu:
anageuzwa kila baada ya muda gani?
Saa mbili. La sivyo ngozi huoza.
Akatwaa kalenda ya duka la mbolea,
akaichora mistari, akaipanga na majina.
Saa mbili usiku, mama yangu na Kageha.
Saa nne, mwalimu Amugune,
mchelewaji wa kila kitu isipokuwa hiki.
Saa sita, kina mama wa kanisa, wawili wawili,
maana mimi mzito.
Saa nane, Jumba, kijana niliyemfunza kazi,
aliyeishika ngazi siku ile,
na tangu siku ile hanitazami machoni.

Msidhani zilikuwa sala na vigelegele.
Kulikuwa na mpira wa mkojo.
Kulikuwa na shemeji aliyeuliza, kikombe mkononi,
kama bado nitaweza kuzaa.
Ikaja wiki ya kupanda mahindi, kalenda ikawa na mapengo,
kidonda kikafunguka takoni, ukubwa wa shilingi ishirini.
Mideva akapita nyumba kwa nyumba, kalenda kwapani,
machozi ya hasira yakimtiririka:
"Mahindi yanangoja. Ngozi haingoji!"

Mwezi wa sita wakachimba njia.
Jiwe lililokataa mtalimbo waliliwashia moto kutwa,
wakalimwagia maji ya kisima, likapasuka kwa kishindo,
kuku wa kijiji kizima wakakimbilia migombani.
Mimi kitini, napima mteremko kwa macho:
"Mkali mno! Punguzeni. Kiti si mbuzi."
Wakapunguza.
Miezi mingi hakuna mtu aliyekuwa amenitii.

Kisha usiku mmoja wa Agosti, mvua ya mawe
juu ya mabati niliyoyapiga mwenyewe,
Jumba akaja ameloa, akaketi, akasinzia,
mkono wake ungali umekaza ukingo wa kitanda
vile mtu anavyoshika ngazi.
Nikaitazama ile kamba kwenye boriti.
Nikavuta.
Bega likaja. Kiuno kikafuata kwa shingo upande.
Miguu nikaihamisha kwa mikono, mmoja, halafu wa pili,
kama watoto waliopitiwa na usingizi ugenini.
Muda wa kuchemsha chai, labda zaidi.
Nikawa nautazama ukuta wa pili,
nina jasho, nimejiuma ulimi,
na sikumwamsha.

Asubuhi nilitia alama ya vema penye jina lake.
"Nani alikugeuza?" akauliza.
"Ulishika vizuri," nikamwambia.

Akanitazama.
Kisha akatoka mbio, viatu mkononi,
ng'ombe wa mama yake hajakamuliwa.