Herufi Moja

Dalali alifika Igogo saa mbili na robo
na turubai, na mzani, na kalamu ya kuazima.
Kiwanda cha minofu kimefilisika, benki inataka chake.
Kuandika orodha ilikuwa kazi yangu:
majokofu tisa,
meza za bati,
visu mia mbili kasoro kimoja,
na yule wa kukata sangara,
aliyesimama kwenye maji ya barafu miaka sita
bila gambuti.

Walikuja wawili ndani ya sanduku moja.
Nyanzobe wa zamu ya usiku akacheka:
hawa ni Kulwa na Doto, nani atabisha?
Jina likaganda kama magamba kiganjani.
Doto alifunguliwa mwaka juzi, akawa vipuri.
Tangu hapo, kila akimaliza samaki,
Kulwa husogea hatua moja kushoto,
kumpisha asiyekuwepo.

Nikaandika: Amesimama mlangoni. Anafanya kazi.

Dalali akavaa miwani.
“Umekosea, dada. Weka i.
Imesimama. Inafanya kazi.
Mnada hausomi insha.”

Herufi moja tu.
Tulifundishwa: mbuzi analala, jongoo anatambaa,
hata kijakazi, aliyevishwa ki ya kiti na ya kikombe,
akilia, lugha inasema amelia.
Amelia, na akauzwa vilevile.
Nyanya wa bibi yangu alivushwa kutoka Ukerewe
na a yake mdomoni mwa kila aliyemtaja:
anatembea, amechoka, anafaa.
Haikulegeza kamba.

Nilikuwa nafuta
Kulwa aliponiuliza, kwa sauti yake ya kopo:
“Doto mlimwandikaje?”

Nikafunua daftari la mwaka juzi.
Mwandiko ni wangu.
Vipuri, kilo arobaini na moja.
Hakuna a. Hakuna i.
Sikumpa hata kitenzi.

Nje makongoti walisubiri mapanki
ambayo siku hiyo hayakumwagwa.
Ziwa lilikuwa na rangi ya sufuria.
Nikachukua kalamu ya dalali, ile ya kuazima,
nikakandamiza hadi karatasi ya pili:
Amesimama.

Alinunuliwa saa tano, na mtu wa Musoma,
kwa bei iliyopungua kidogo
kwa sababu ya fomu iliyochafuka.

Kwenye ubao wa lori
Kulwa alisogea hatua moja kushoto.
Dalali, aliyekuwa nyuma yake akihesabu noti,
akasimama,
akapisha.