Penye Shogi

Khuleita amekuja leo kabla ya adhuhuri,
akaketi jamvini, kisogo kwangu,
akavua mtandio polepole
kama mtu anayefungua barua asiyotaka kuisoma.
"Nisuke. Arusi ya Mwanaesha ni Alhamisi.
Mistari midogo, na uikaze. Nataka ishike mwezi."

Nikatwaa kitana, nikagawa.
Na pale panjani, ambapo mwaka juzi
palikuwa na malaika laini kama manyoya ya kifaranga,
ngozi tupu ikanitazama,
inang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga.

Miaka ishirini na miwili nasuka uwani hapa, Langoni.
Kidakani mna vitana vyangu, uzi mweusi,
chupa ya mafuta ya nazi yaliyoganda kwa baridi ya Julai.
Nazijua tosi za mtaa huu kuliko nyuso zake:
nani alipata choa chuoni akiwa na miaka saba,
nani ana mba, hujikuna kwa siri kwa ncha ya kalamu.
Nao wanaijua sifa yangu:
mkono wa Barike haulegei.
Mtoto akilia nilimwambia, vumilia,
uzuri una ushuru wake.

Shangazi yake Khuleita asema ni jicho.
Jirani asema ni maji ya kisima, yameingia chumvi.
Yuko aliyeapa kwamba ndege aliokota nywele zake jaani
akajengea kiota.
Mimi nilinyamaza. Nilikuwa na langu.

Mwezi uliopita nilimsindikiza mkwe wangu kliniki,
mtoto ana miezi minne, nywele zinamtoka mashumbi,
anaziokota mtoni mwa mswaki, kwenye mto, kwenye kinywa cha mwanawe.
Muuguzi hakushtuka.
"Hizi zilikuwa zitoke zamani, mimba ilizizuia.
Zitarudi zenyewe. Kula, lala, subiri.
Zisiporudi, njoo tupime damu."
Kisha akanigeukia: "Na wewe mama, kazi yako?"
"Msusi."
Akaitazama mikono yangu kitambo.
"Mzizi wa unywele una kijumba chake," akasema.
"Ukivutwa hulalamika kwanza: vipele, maumivu,
usingizi usiolalika usiku wa kusukwa.
Ukivutwa bado, huchoka.
Mwisho hufunga mlango kwa kovu,
na mlango huo haufunguki kwa mafuta,
si ya nazi, si ya habbasoda."

Tukarudi kwa kichochoro cha nyuma.
Punda wa Shekue alikuwa amefungwa kivulini,
shogi limetuliwa chini, saruji bado imo.
Mgongoni, pale lilipokaa shogi miaka yote,
hapana unywele hata mmoja.
Hakuna aliyemroga punda.
Nilisimama hata mkwe wangu akaniita mara mbili.

Kwa hiyo leo, kitana mkononi, nimesema:
"Khuleita, si jicho. Ni mimi."
Kimya. Jogoo wa jirani, kisha kimya tena.
"Na kila mara nilikulipa," akasema.
"Ulinilipa."
"Na shilingi mia juu, ukikaza vizuri."
Sikuwa na la kujibu. Nikapitisha kidole pembeni,
palipobaki vishina vifupi, dhaifu, vikaidi.
"Hapa huenda paote, tukipaacha. Hapa penye kung'aa, sijui.
Nenda kwa yule muuguzi, usiniamini mimi."

Akakaa muda. Jasho likamtiririka shingoni.
Nikadhani atavaa mtandio aondoke.
"Alhamisi iko palepale," akasema. "Nisuke utakavyo."

Nikasuka matuta manne, mapana, malegevu,
panja nikaziacha huru.
Kikuba cha asumini tutakibandika nyuma, kisogoni.
Lakini mkono haujui kulegea.
Unakaza wenyewe, kama punda aijuaye njia ya kwao.
Kila msokoto namuuliza: "Inauma?"
"Haiumi," asema,
kwa sauti ileile niliyomfunza tangu utotoni.
Nafumua. Naanza tena.