Jokofu la Kukodi

Wimbo wenyewe ni wa ng'ombe.
Hakuna mpenzi aliyeachwa humo, hakuna vita, hakuna mama.
Ni maksai mmoja mkaidi, kakwama topeni bondeni,
na bwana wake anambembeleza, anamtukana, anambembeleza tena.
Ubeti wa tatu maksai anajamba.
Hapo ndipo watu walipolia.

Tulikuwa watatu kiwanda cha chai, hapa Guria,
kabla mitambo haijauzwa kwa kilo:
Tsotne na sauti ya juu, nyembamba,
inayoruka kama jogoo aliyekanyaga kaa la moto;
mimi katikati, nabeba maneno;
na Ambrosi chini.
Ambrosi hakuwa na maneno. Miaka thelathini na mmoja
aliimba "oo" tu,
"oo" pana kama mlango wa ghala,
nasi tukaingia na kutoka tupendavyo.
Nani husifu mlango?

Akafa Machi, mvua ikiwa wiki yake ya pili.
Mazishini hatukuimba. Tsotne alifungua kinywa, kikatoka kikohozi.
Nami sikutoa chozi, niseme kweli.
Nilibeba jeneza upande wa kushoto
nikiwaza kiatu kinavyonibana.

Oktoba, mjukuu wake akaolewa.
Turubai uani, meza sita, divai kwenye madumu,
na jokofu la kukodi kutoka Ozurgeti,
limejaa samaki na soda za watoto,
limesukumwa ukutani, nyuma ya pale alipokuwa akikaa.
Watu wakapiga meza: Maksai! Maksai!
Tukatazamana.
Figa moja haliinjiki chungu; basi hata mawili,
jaribu uone mchuzi unakwenda wapi.

Ubeti wa kwanza ulikuwa mashimo matupu.
Wa pili, jokofu likashtuka, likatetemeka, likaanza kuvuma.
Oo.
Naapa, noti ile ile,
iliyochoka kidogo, iliyoteleza
chini ya mahali pake kwa unene wa unywele,
kama yeye.
Nikaona mabega ya Tsotne yanashuka.
Tukaliegemea.

Tulipofika maksai anapojamba
nikainua macho nipokee kicheko,
nikamkuta daktari wa meno kajifunika uso kwa kitambaa cha meza,
bibi harusi wanja umemfika shingoni,
mpishi kasimama na mwiko, mchuzi unamdondokea viatuni.
Hata yule shemeji wa Batumi,
asiyemjua Ambrosi wala ng'ombe,
alikuwa akiuliza kila mtu, "Kwani kuna nini? Kuna nini?"
huku machozi yanamtoka.

Usiku, tukisuuza bilauri, mwalimu wa muziki akatueleza:
kuna umbali fulani kati ya sauti na sauti,
mwili ukiusikia husisimka, koo hukaza.
Sikumbishia.
Daktari wa meno akasema ni divai.
Sikumbishia pia.
Ila nawaza hivi: mtu akifiwa
hufunga mlango wa mbele, akaweka na komeo.
Nyimbo za msiba huja na mavazi meusi, zikabisha hodi hapo hapo,
naye anazisikia, anatulia tuli, kama hayupo.
Huu ulipitia jikoni,
miguu ina tope, unanuka zizi,
na hakuna aliyekuwa amekumbuka kufunga huko.

Au sijui. Mimi nilikuwa mpima majani ya chai.

Nutsa, mjane, hakueleza lolote.
Alikuwa kaweka kiganja ubavuni mwa jokofu
kama mtu anayepima homa ya mtoto.
Kijana mmoja akataka kulizima,
samaki wamekwisha, umeme ni ghali.
"Liache," akasema.

Jumatatu Gerasime akaja na gari kulichukua.
Nutsa akamuuliza bei.
"Hili, mama? Bovu hili. Linapiga kelele."
"Nimesikia," akasema,
akaenda ndani kutafuta pochi.