Sura ya Saba

Mwandishi, riwaya yako nimeipiga chapa
hapa Kibokoni, feni ikinipeperushia kurasa.
Majini wanakopesha fedha Makadara,
mizimu inapanga foleni kivukoni Likoni:
sikugusa hata nukta.

Ila huyu Zumbe wako, asiyeamini lolote,
kwa nini lazima awe mgane,
ulimi shubiri,
kisha radi imshukie ndipo atubu?

Kaka yangu Shebwana haamini.
Hutengeneza mafriji Mwembe Tayari, hucheka ovyo.
Ijumaa humshika baba mkono
hadi mlangoni pa msikiti,
kisha hukaa nje
kumlindia makubadhi.
Radi haijamjia.
Ni jua tu.

Ukurasa wa mia na tatu nimekuachia mtupu.
Wino upo.