Kijivu

Programu ya Urmas hunakili mafaili usiku,
basi. Dirisha moja, vitufe vitatu,
kijivu kama theluji ya Tartu mwezi Machi
iliyokwisha kukanyagwa.

Wateja humwandikia: ipambe!
Tupe zambarau, tupe sura ya mbao!
Naye hujibu:
bisibisi haipakwi wanja.

Jana ikaja barua ya Helve, mfumaji wa soksi,
mwenye mtoto wa jicho kote kuwili:
“Kijivu juu ya kijivu, sioni kitu.
Nipe weusi, na herufi za manjano.
Urembo nilishauacha, mwanangu.
Nataka tu kujua
kitufe cha kusimamisha kiko wapi.”

Urmas alichemsha kahawa, ikapoa.
Saa nane usiku akafungua msimbo,
akaongeza vazi moja.

Zambarau bado anaikataa.