Tairi la Tano

Utepe umebanduka wenyewe leo alfajiri.
Yorkton, nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
gundi imekata tamaa,
ukaangukia gia kama mdudu mkavu.
Na chini yake, njano inawaka:
chungu kisicho na kifuniko,
ndani yake alama ya mshangao.

Nestor Hrynkiw, uliyeniuzia gari hili
ukaniapia kwa mama yako kuwa halina kasoro,
hukuziba tundu. Uliziba taa.

Nimekupigia. "Darka," ukasema, unatafuna kitu,
"ni baridi tu. Upepo nao hujikunyata kama watu.
Itazima yenyewe ikifika Mei."

Ni kweli, nusu yake. Kila nyuzi sita zikishuka
paundi moja ya upepo hupotea bila mwizi.
Lakini miaka kumi na tisa nimepima maziwa ya watu kiwandani;
siamini geji nisiyoishika.

Nikasoma karatasi ya mlangoni: thelathini na mbili.
Nikapiga magoti barafuni.
Mbele kushoto, ishirini na saba. Kulia, vivyo hivyo.
Nyuma, ishirini na sita, na ishirini na saba.
Kifuniko kimoja cha valvu kilinigandia kidoleni,
nikakirudisha pamoja na kipande cha ngozi yangu.
Pampu ikakohoa robo saa.

Thelathini na mbili kote. Taa, bado.
Wala haikupepesa. Ingepepesa ningejua sensa imekufa.
Hii ilinikazia jicho tu
kama mtoto anayejua umekosea hesabu
na anangoja uone mwenyewe.

Nikahesabu matairi. Manne.
Nikahesabu tena.

Kikulacho hakikuwa nguoni, kilikuwa tumboni:
chini ya buti, limening'inia kwa mnyororo,
limevaa matope ya miaka,
tairi la spea.
Nalo lina sensa yake, maskini,
sijui majira mangapi ya baridi likipeleka habari ile ile
kwa utepe mweusi.
Geji ikasema: nane.

Nililijaza nimelala chali thelujini.
Bi Odarka wa nyumba ya pili akafungua dirisha
kuuliza kama nimekufa.
"Bado," nikasema. "Funga, unapoteza joto."

Haikuzima papo hapo. Taa za namna hii
haziamini neno lako, zataka mwendo.
Nikashika barabara ya Melville,
kilomita saba, nane, ghala la ngano likapita,
kumi na moja, mbweha akavuka bila haraka,
na sikuona ilipozima.
Nilipotazama, pale palikuwa peusi,
peusi kweli, si kwa utepe.

Utepe wenyewe bado umenata kwenye glavu yangu.
Nitakurudishia Jumapili, Nestor.
Nasikia daktari amekupa mashine ya kifuani inayolia usiku,
na kwako, nakumbuka, kule gereji,
niliona utepe wa namna hii roli nzima.